Nchi Yetu ya Kubuni Haina Mfalme, na Sasa Simulizi Imekwama

Mwalimu, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Mwanga, hapa Kigoma. Mimi na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, tunatunga simulizi ya mfululizo ambayo wasomaji huipokea kwenye simu kila Ijumaa jioni, na wanaotaka kuendelea nayo hulipia kiasi kidogo kila mwezi. Simulizi hiyo inahusu nchi ya kubuni tuliyoiita Ukingoni. Wakazi wake ni walowezi waliokimbia falme tatu zilizokuwa zikipigana, wakaja kujenga kando ya msitu mkubwa wa kale tunaouita Msitu Mkongwe, na tangu walipofika wameapa kwamba hawatamtii mfalme yeyote. Msitu wenyewe una miti inayosema, una viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona mchana, na kila anayevuka mto wa pili harudi.

Mwanzoni wasomaji walitupokea vizuri sana. Sasa wanalalamika kwamba mambo hayaendi, na mmoja ametuandikia kwamba watu wa Ukingoni wanakaa tu wakisubiri msitu uje kuwatisha. Kaka anasema sababu ni mimi, kwa kuwa nilikataa kumweka mfalme. Kwa maoni yake, nchi isiyo na mfalme haina kiti cha kugombaniwa, na pasipo kiti hakuna fitina, na pasipo fitina hakuna simulizi. Anataka katika sehemu ijayo azuke kijana mwenye alama begani, mjukuu wa mfalme aliyesahauliwa, awaunganishe walowezi na kuwaongoza wauteketeze msitu. Mimi naona tukifanya hivyo tutakuwa tumeifuta nchi tuliyowaahidi wasomaji. Hata hivyo, nikiulizwa niweke nini mahali pa mfalme, sina jibu.

Liko na jambo la pili. Baba mdogo, ambaye amerina asali upande wa Uvinza tangu ujana wake, alisomewa sehemu chache akacheka, akasema msitu wetu hauna kazi. Ni kweli tumeujaza misonobari, ukungu na mbwa mwitu, kwa sababu ndivyo tulivyoona misitu ya kutisha ilivyo kwenye filamu. Kaka anasema baba mdogo haelewi mambo ya kubuni. Mimi sina hakika.

Tumebishana mpaka Ijumaa iliyopita hatukutuma chochote, na kaka amenuna. Naomba unishauri: je, nimkubali mfalme? Na je, inafaa kuchukua mambo ya kweli ya huku kwetu, pamoja na majina ya watemi, na kuyaweka ndani ya nchi isiyokuwepo?

Msimulizi wa Mwanga, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu.

Ugomvi wako na kaka yako kuhusu mfalme unaficha swali ambalo ninyi wawili hamjajiuliza. Umeniambia kwamba watu wa Ukingoni walifika wakajenga, lakini hukuniambia nani aliwaonyesha mahali pa kujenga. Katika nchi yoyote ya walowezi, iwe ya kweli au ya kubuni, hilo ndilo jambo la kwanza. Mtu akifika jioni na mke, watoto na mbuzi wawili, anabisha hodi kwa nani? Nani ana haki ya kumwambia ajenge hapa na asijenge pale? Atatoa nini kwanza, na baadaye atadaiwa nini? Na akijenga bila kuuliza, nani atakwenda kumwondoa? Mkiyajibu haya kwa ukamilifu mtakuwa na fitina ya kutosha kuwafikisha mwakani, na mfalme wa kaka yako mtamwita au kumwacha kwa hiari yenu.

Jibu moja la swali hilo liko karibu na mlango wenu. Katika nchi ya Buha, hapo Kigoma, palikuwa na wami, yaani watawala wenye ng'ombe, ngoma na watu wa kuwatumikia. Lakini palikuwa pia na mteko, ambaye mamlaka yake yalitokana na ardhi yenyewe. Mteko alijua tabia ya mahali: bonde lipi linakubali kulimwa, kilima kipi kina nguvu zinazokaa pale ambazo hazitaki kusumbuliwa, na nini kifanyike radi ikipiga nyumba. Aliyetafuta mahali pa kukaa alipitia kwake. Hakuwa na askari, wala hakuhitaji, kwa sababu mtu aliyeipuuza kauli yake alijikuta peke yake siku mambo yalipoharibika, akiwa na shamba ambalo hakuna jirani aliyekuwa tayari kusema kwamba ni lake kwa haki. Wami walipojenga utawala wao hawakumfuta mteko, maana mwenye ngoma naye alihitaji mtu wa kusemezana na ardhi.

Sikushauri umchukue mteko mzimamzima na kumpeleka Ukingoni. Chukua umbo la mamlaka yake, yaani mtu ambaye hawezi kumlazimisha mtu yeyote na bado hakuna anayethubutu kujenga bila neno lake. Kisha muulize maswali magumu. Alipata wapi ujuzi huo, ikiwa walowezi wote ni wageni? Je, palikuwa na watu kabla yao, wakamfundisha mmoja wa waliofika mwanzo, au walioa kwao? Akifa bila kumrithisha mtu, nani atagawa ardhi? Hicho, mwanangu, ni kiti cha kugombaniwa kama kile anachokitaka kaka yako, isipokuwa hiki hakikaliwi kwa upanga.

Kaka yako hajakosea kuhusu hatari. Watu waliotawanyika huvamiwa, na anayevamiwa mara kwa mara huanza kumtafuta mwenye nguvu wa kumkinga. Unyamwezi wa karne ya 19 unalionyesha hilo waziwazi. Biashara ya misafara ilileta bunduki, pembe na watumwa kwenye njia ya Tabora na Ujiji. Vijiji vilizungushiwa maboma. Na vijana waliotengwa na ukoo wao kwa vita au kwa utumwa wakawa rugaruga, wapiganaji wanaomfuata kiongozi anayewalisha. Kutoka humo aliinuka Mirambo wa Urambo, aliyezileta himaya ndogo nyingi chini yake na kuanzia mwaka 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora na washirika wao wa Unyanyembe mpaka njia ya misafara ikazibwa. Alipofariki mwaka 1884, aliyemrithi hakuweza kuishika nchi ile kama yeye.

Kwa hiyo, mfalme akija Ukingoni, asije na alama begani. Aje na ulinzi wa kuuza. Awe mtu aliyekulia njiani, mwenye vijana wasio na kwao, aliyekwisha kuwaokoa walowezi mara moja kwa kweli, na sasa anasimama katikati ya uwanja akisubiri wamwambie asante kwa namna anayoielewa yeye. Hapo kila mlowezi atalazimika kuamua, na wale walioapa kwa sauti kubwa kuliko wote ndio huenda wakawa wa kwanza kumpelekea mbuzi. Kumleta mfalme namna hiyo hakuifuti nchi yenu. Kunakijaribu kile kiapo, na nadhani wasomaji wenu wamekuwa wakilisubiri jambo hilo tangu mlipokitaja.

Kabla hamjafika huko, waacheni kwanza walowezi wajaribu kujilinda wenyewe. Hapa ningependa mkae kwa muda mrefu, kwa maana pana utajiri ambao waandishi wengi hupita bila kuugusa. Mnamo mwaka 1982, kwenye eneo ambalo Tabora inapakana na Shinyanga, wanavijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa silaha, ambao ulizidi baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, walianzisha sungusungu. Hawakusubiri polisi. Walikuwa na mishale, filimbi za kuitana kutoka kijiji hadi kijiji, viongozi waliowachagua wenyewe, na mkutano wa hadhara uliosikiliza mashauri. Adhabu iliyoogopwa sana haikuwa kipigo. Ilikuwa kutengwa: aliyetengwa hakusalimiwa, hakusaidiwa kulima, hakushirikiwa msiba, na aliyemsaidia kwa siri alitozwa faini au kutengwa naye. Wizi ulipungua, na baadaye serikali ikalitambua jeshi hilo la jadi kisheria.

Lakini yako pia mambo ambayo wazee huyasema kwa sauti ya chini. Mkutano uleule uliomkamata mwizi uliweza kumgeukia bibi kizee mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni, ukamwita mchawi, na akafukuzwa au akauawa, huku hakuna hata mmoja aliyejiona muuaji, kwa kuwa waliamua wote. Je, Ukingoni wana bibi huyo? Nina hakika wanaye. Watu wasio na mfalme hawana wa kumlaumu siku wanapotenda dhuluma, na mtoto wa yule bibi ataendelea kuishi miongoni mwao, atasalimiana nao kisimani, na atajua nani alinyoosha mkono wa kwanza. Andikeni sehemu hiyo kwa uangalifu kuliko zote. Msiwafanye wanakijiji kuwa wabaya. Wafanyeni wachovu, wenye hofu ya kweli, waliopoteza mifugo ya kweli, na mmoja wao awe mtu ambaye msomaji amempenda tangu mwanzo.

Nakuja kwa baba mdogo, ambaye kwa maoni yangu ndiye mhakiki bora mliyenaye, na ningemrudia nikiwa na daftari. Anaposema msitu wenu hauna kazi, anamaanisha kwamba hakuna mtu wa Ukingoni anayeuhitaji. Watu wanaouogopa msitu na hawaendi humo kamwe hawana sababu ya kukaa kando yake, wangehamia mbali. Hofu yenye faida katika simulizi ni ya mtu ambaye lazima aingie kesho.

Muulizeni kuhusu mizinga. Warina asali wa Tabora na Kigoma huondoka majumbani kwao na kupiga kambi ndani ya miombo kwa majuma kadhaa, wakiwa na unga, kamba na visu, na mizinga yao imetundikwa juu ya miti mbali na nyegere. Kila mmoja anaijua ya kwake na ya mwenzake, na kuurina mzinga wa mtu mwingine ni kosa zito, ingawa hakuna uzio wala mlinzi. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuuchuna mti ulio hai, na mti uliochunwa gome pande zote hufa. Mzinga wa gogo nao unahitaji mti ukatwe. Sasa fikirini kwamba miti ya Msitu Mkongwe inasema, kama mlivyoandika, na kwamba walowezi wanaishi kwa asali. Nani atakwenda kuuomba mti ruhusa ya kuuchuna gome? Mti utataka nini? Hilo ni shauri la kutosha mkutano mzima, na mtaliandika bila mbwa mwitu hata mmoja.

Misonobari na ukungu viacheni kwa wenye navyo, kwa kuwa miombo inatisha kwa namna yake. Kiangazi majani hupukutika, moto wa nyasi hupita usiku ukiacha ardhi nyeusi, kisha wiki chache kabla ya mvua, wakati hakuna tone lililoanguka, miti huchipua majani mekundu kama shaba. Mvua zikianza, uyoga huota chini ya miti ambapo jana hapakuwa na kitu. Kuhusu viumbe wenu wasioonekana mchana, sokwe wa Masito na Ugalla huishi katika miombo kavu kama hii, wakisambaa juu ya eneo kubwa sana, na karibu kila jioni hujenga vitanda vipya vya matawi juu ya miti. Mtu anaweza kutembea humo siku nyingi akiona vitanda, vingine vikiwa na majani bado mabichi, asimwone hata mlalaji mmoja. Mpelekeni mrina asali wenu chini ya mti wa namna hiyo, atazame juu, ahesabu vitanda, na agundue kwamba vinalingana na idadi ya watu waliovuka mto wa pili.

Iko sababu moja zaidi ya kuwataka mwache msitu wa filamu. Mmeandika kwamba Msitu Mkongwe ni wa kale, na bila shaka walowezi wanaamini hivyo. Je, ni kweli? Sehemu kubwa ya pori la magharibi mwa Tanzania ni la zamani sana, lakini si lote. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kwa wingi; njaa, ndui na vita vya kuwapinga Wajerumani vikapunguza watu; mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi, na ndani ya vichaka mbung'o wakarudi na malale. Baadaye, chini ya Waingereza, familia zilizokuwa zimetawanyika porini zilihamishwa na kukusanywa pamoja ili kuepushwa na malale, na mahali walipotoka pori likapachukua. Mpaka wa msitu na mashamba umekuwa ukisogea mbele na nyuma kufuata idadi ya watu, majembe na mifugo yao. Ndiyo maana mtu anaweza kukuta vigae vya vyungu au jiwe la kusagia mahali ambapo sasa hakuna nyumba kwa mwendo wa siku nzima.

Wapeni Ukingoni siri hiyo. Ng'ambo ya mto wa pili, mrina asali akute miembe iliyopandwa kwa mstari. Mwembe haupandwi na sokwe wala na mizimu. Maana yake ni kwamba watu waliishi pale, walikuwa wengi, hawakuwa na haraka ya kuondoka, na waliondoka. Walowezi wenu, ambao madai yao yote ya uhuru yanategemea kwamba walikuta nchi tupu, watafanya nini na habari hiyo? Nani atataka ifichwe? Nadhani mgawa ardhi wenu amekuwa akijua siku zote.

Kuhusu uchumi nitasema kwa ufupi. Watu huru nao wanahitaji chumvi, chuma na wachumba kutoka nje. Chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unaingia Malagarasi, zimetumika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu walitoka mbali kuja kuchemsha chumvi wakati wa kiangazi, kwa sababu masika mafuriko hufunika chemchemi, na watemi wa Wavinza walichukua sehemu yao. Penye kivuko cha Malagarasi misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo ikavushwa. Ukingoni kuwe na msimu kama huo, ambapo walowezi wanalazimika kuchangamana na watu wa zile falme walizozikimbia, na mtu akutane uso kwa uso na nduguye aliyebaki.

Sasa, kaka yako. Msishindane tena juu ya mfalme kwa maneno matupu. Kaeni pamoja, na baba mdogo akiwapo ikiwezekana, muandike ukurasa mmoja tu wa sheria za Ukingoni: nani anagawa ardhi, nani anaita mkutano, nini kinamfanya mtu atengwe, mzinga wa marehemu unakuwa wa nani. Mkikubaliana juu ya ukurasa huo, mgawanyeni kazi kwa vipaji: yeye anapenda njia, vita na watu wenye tamaa, basi aandike sura za yule muuza ulinzi na vijana wake, wewe andika kijiji, msitu na mkutano. Atakuwa amempata mfalme wake, nawe utakuwa na nchi ya kumkataa. Kwa kuwa yeye ni mkubwa kwako na amenuna, nenda wewe kwanza, na usiende na barua hii mkononi kama mtu aliyeshinda kesi.

Sehemu ya Ijumaa hii isianze na msitu. Familia mpya ifike jioni baada ya mavuno, iulize ijenge wapi, na watu wawili wajibu kwa wakati mmoja, kila mmoja akionyesha mahali tofauti.

Ulichouliza mwisho: mambo ya kweli yatumieni kwa uhuru, yaani kazi, misimu, miti, namna ya kushauriana na namna ya kutengana. Majina ya watemi na wami yaacheni. Watu hao wana wajukuu wanaoishi Tabora, Urambo na Kasulu, na makaburi yao yanajulikana; mkimwita muuza ulinzi wenu kwa jina la mmoja wao mtakuwa mmemsemea maneno ambayo hakuyasema, na simu zenu hazitapumzika. Tungeni majina mapya, kisha myasome kwa sauti mbele ya baba mdogo mpate kujua kama kuna lolote ambalo tayari lina mwenyewe.